Uzi: Majarida ya hotrodi ya California na zile kurasa ambazo hakuna anayezililia

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam. Desemba 2019, kampuni iliyokuwa ikimiliki sehemu kubwa ya majarida ya magari nchini Marekani ilitangaza kwamba inasitisha matoleo ya karatasi ya majarida 19 kati ya 22 iliyokuwa nayo. Tangu wakati huo nimesoma maombolezo mengi juu ya Car Craft, Street Rodder, Lowrider na mengineyo, na karibu yote yanalilia picha: majalada ya rangi kali, Ford ya 1932 isiyo na madgadi imeegeshwa chini ya mitende ya Los Angeles, msichana ameegemea boneti. Nimeanzisha uzi huu kwa sababu naona tunalilia mahali pasipo na maiti. Picha zipo tele na zitaendelea kuwapo. Kilichokwenda ni kurasa za katikati na za nyuma, zilizochapwa kwa wino mweusi mtupu, zenye michoro ya manifoldi (kipande kinachogawia silinda hewa na mafuta kutoka kwenye kabureta), bei za pistoni na barua za wasomaji. Hizo ndizo zilizowafundisha vijana wa nchi nzima kazi iliyokuwa ikijulikana na watu wachache wa kusini mwa California, na ndizo zilizowawekea utaratibu wa kuifanya bila kuuana.

Kwa wageni wa mada, hotrodi ni gari kuukuu, aghalabu Ford la miaka ya 1920 au 1930, lililovuliwa kila kisicho cha lazima ili liwe jepesi, kisha injini yake ikaongezwa nguvu na mwenye gari mwenyewe akisaidiwa na marafiki zake. Mchezo wenyewe ulikuwapo kabla ya jarida lolote kubwa. Katika miaka ya 1930 vijana walikuwa wakitoka Los Angeles usiku, wakavuka milima hadi kwenye maziwa makavu ya jangwa la Mojave, yaani Muroc, Rosamond, Harper na El Mirage, ambako udongo uliokauka ni tambarare kwa maili kadhaa, na alfajiri kabla ya upepo wakaanza kupima kasi. Mwaka 1937 klabu zao ziliungana na kuunda Southern California Timing Association, iliyosimamia upimaji huo. Mwaka 1941 lilitokea jarida dogo liitwalo Throttle, ambalo halikuuvuka mwaka huo, kwa kuwa vita viliifikia Marekani mwezi Desemba.

Wakati wa vita hivyo yupo mtu mmoja ambaye wanahistoria wengi wa mchezo huu humtaja kwa mstari mmoja wakapita. Veda Orr alikuwa mwanamke aliyeendesha gari lake mwenyewe kwenye maziwa makavu, na wanachama walipoandikishwa jeshini yeye ndiye aliyeshika kijarida cha habari za chama na kuwatumia huko waliko. Mtu akiniuliza majarida haya yalianzia wapi, namtaja Orr kabla ya mwingine yeyote, kwa sababu karatasi zake zilithibitisha jambo ambalo baadaye liliwatajirisha wengine: kwamba mtu aliye mbali na jangwa, asiye na gari wala bisibisi mkononi, anaweza kubaki ndani ya mchezo kwa kusoma tu.

Robert Petersen alikuwa kijana wa miaka 21 aliyekwisha kufanya kazi katika studio za filamu za MGM. Januari 1948, akiwa na mwenzake Robert Lindsay, alisimama kwenye ngazi za ghala la silaha la Los Angeles, ambamo maonyesho ya hotrodi yalikuwa yakifanyika, akiuza toleo la kwanza la Hot Rod. Lilikuwa na kurasa 24 na bei yake ilikuwa senti 25. Tukumbuke kwamba wakati huo jina hotrodi lilikuwa tusi. Magazeti yalilitumia kwa kila mhuni aliyegonga mtu barabarani, na maonyesho yale yaliandaliwa kwa makusudi ya kuwaonyesha raia kwamba waundaji wa magari haya ni mafundi wenye nidhamu. Jarida lilizaliwa likiwa wakili wa mtuhumiwa, na kwa miaka yake ya mwanzo lilibaki hivyo.

Hapo ndipo anapoingia Wally Parks, mhariri wake tangu 1949. Parks alitoka katika uongozi wa chama cha maziwa makavu, na mwaka 1951 alianzisha National Hot Rod Association akiutumia ukumbi wa jarida kuwaita wanachama. Hoja yake ilikuwa nyepesi kuieleza na ngumu kuitekeleza: vijana hawataacha kushindana, basi wapewe uwanja, waamuzi na ukaguzi wa magari, ili waondoke mitaani. Mwaka 1953 mashindano ya kwanza ya chama hicho yalifanyika Pomona, polisi wa mji wakiyaunga mkono. Mwaka uliofuata watu wanne walifunga safari ya kuizunguka nchi wakivuta tela la vifaa vya kupimia muda, wakifika katika miji midogo kuwafundisha wenyeji namna ya kugeuza kiwanja cha ndege kisichotumika kuwa uwanja wa mbio za robo maili. Kiongozi wao, Bud Coons, alikuwa askari polisi wa Pomona. Mmoja wao, Eric Rickman, alikuwa mpiga picha wa Hot Rod. Tazameni muungano huo: polisi anayekagua breki na mwanahabari anayepeleka matokeo kwa msomaji, katika gari moja. Mwaka 1955 mashindano ya kwanza ya kitaifa yalifanyika Great Bend, Kansas, mvua ikayavuruga, yakaja kumaliziwa Arizona. Los Angeles haikuhusika kabisa na eneo hilo, na hilo ndilo lililokuwa lengo.

Mwisho, matangazo ya biashara, ambayo wengi huyaruka. Vic Edelbrock aliuza manifoldi, Ed Iskenderian kamshafti (mhimili unaofungua valvu za injini), Stuart Hilborn mfumo wa kupulizia mafuta uliolisaidia gari lake kufika maili 150 kwa saa mwaka 1948. Alex Xydias alifungua duka lake la So-Cal Speed Shop mwaka 1946 baada ya kutoka jeshini, na gari lake lililoundwa kwa tangi la ziada la mafuta la ndege ya kivita lilipamba jalada la Januari 1949. Wote hao walikuwa mafundi waliokimbiza magari wenyewe. Tangazo la robo ukurasa lilieleza kipuri kinafanya nini, kinaingia injini ipi na kinagharimu kiasi gani, na msomaji wa mbali aliagiza kwa posta. Aliyesoma matangazo hayo kwa mwaka mzima, hata kama hakununua chochote, aliijua injini yake kuliko mafundi wengi wa mjini kwake.

Hayo ndiyo yangu. Karibuni.

#2

Mleta uzi, umeandika vizuri, ila nadhani unazionea picha. Mimi niliingia katika mambo haya kwa macho. Sikujua kamshafti ni nini nilipoiona kwa mara ya kwanza ile Mercury ya 1951 ambayo Sam na George Barris walimtengenezea Bob Hirohata mwaka 1952: paa limeshushwa, nguzo za milango zimeondolewa, mstari wa ubavuni umepinda kushuka na chini yake rangi ya kijani kibichi iliyoiva, juu yake kijani hafifu kama barafu. Hakuna aliyehitaji kusoma maelezo ili ajue kwamba hapo kuna akili ya mchoraji. Gari hilo lilichakaa, mwaka 1959 kijana mmoja akalinunua kwa dola 500, akalitunza kwa miongo kadhaa, na mwaka 2022 liliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2. Hakuna aliyelipa fedha hizo kwa sababu ya bei ya pistoni iliyochapwa ukurasa wa nyuma.

Isitoshe, hao wa Barris walikuwa upande mwingine wa nyumba hii. Hotrodi ni kasi, wao walitengeneza sura, na majarida yaliyowabeba hasa yalikuwa yale madogo ya kutia mfukoni, Hop Up la 1951 na Rod & Custom la 1953. Ukubwa wake uliwaruhusu wanafunzi kuyaficha ndani ya kitabu cha darasani. Hot Rod kwako ni kama msahafu, lakini halikuwa peke yake.

#3

Naomba kuuliza, wakuu, bila kuvuruga mjadala. Kwa nini kila picha ni Ford ya 1932? Marekani haikuwa na magari mengine? Na hiyo injini wanayoiita flathedi ina nini, maana nasikia huchemka kila mara na bado watu wanaipenda.

#4 – Mleta uzi

Nianze na wa #3, kwa kuwa swali lake linanisaidia kumjibu wa #2.

Mwaka 1932 Ford ilitoa injini ya V8, yaani ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, katika gari la bei ya mtu wa kawaida. Gari la wazi la watu wawili lenye injini hiyo liliuzwa chini ya dola 500 na lilikuwa na nguvu farasi 65, kiasi kilichokuwa kikipatikana katika magari ya wenye fedha. Ilipofika miaka ya 1940, magari hayo yalikuwa yamejaa kwenye viwanja vya vyuma chakavu, vijana wakiyanunua kwa akiba ya kibarua. Sababu ya pili ni ya umbo. Katika toleo la 1932 mbavu za chesesi, yaani fremu ya chuma ya chini ya gari, zinaonekana kwa nje na zimefinyangwa kiwandani kwa mkunjo mrefu wa mapambo, kwa hiyo ukiyavua madgadi gari halibaki kama kuku aliyenyonyolewa. Matoleo ya kabla na baada yake yanahitaji kufichwa hapa na pale.

Sasa flathedi. Valvu zake zimekaa ndani ya bloku, yaani mwili mkuu wa injini, kando ya silinda, na silinda hedi yake ni kipande bapa kinachofunika juu bila chochote kinachocheza ndani yake. Ni rahisi kutengeneza na ni rahisi kufungua. Tatizo lipo kwenye moshi. Njia za moshi hupita ndani ya bloku, pembeni mwa maji ya kupoza, kabla ya kutoka nje, na kila upande wenye silinda nne una matundu matatu tu ya kutolea, kwa kuwa silinda mbili za katikati hutumia tundu moja. Moto wote huo unabaki ndani ya chuma. Ukiongeza nguvu unaongeza moto, na ndiyo maana mtu aliyetaka kuikimbiza bila kuichemsha alihitaji kufundishwa.

Na alifundishwa. Chukueni kabureta ya Stromberg 97, iliyopata namba yake kutokana na upana wa koo lake, inchi 0.97. Ford ilifunga moja kwa injini, vijana wakafunga mbili au tatu juu ya manifoldi ya Edelbrock au ya mwingine. Kufunga ni kazi ya nusu saa. Kuzifanya zifunguke kwa pamoja, zisishindane, na mafuta yasizidi katika silinda za mbele yakapungua za nyuma, hiyo ni kazi ya maarifa, na ilielezwa hatua kwa hatua, picha ndogo kwa picha ndogo, mkono wa fundi ukionekana na kidole kimeelekeza skrubu. Au chukueni krenkishafti (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya Mercury ya 1949 hadi 1953, ambayo mwendo wake wa pistoni ni inchi 4 wakati ya Ford ni inchi 3 na robo tatu. Aliyejua kwamba inaweza kuingizwa katika bloku ya Ford alipata injini kubwa zaidi kwa bei ya chuma chakavu. Alijuaje? Alisoma.

Ndugu wa #2, sikatai kwamba picha ilikuwa mlango. Ninachosema ni kwamba mlango haulali mtu. Gari la Hirohata lenyewe linanipa ushahidi: mwaka 1953 mwenyewe aliliendesha hadi Indianapolis na akaandika habari za safari hiyo katika Rod & Custom. Lingekuwa pambo tu lisingevuka nusu ya bara kwa magurudumu yake.

#5

Mnakumbuka kwa hiari, wakuu. Yapo mambo ambayo majarida hayo hayakuyaandika, na mtu akiyasoma leo kama historia kamili atapotea.

Huko huko Los Angeles na San Jose, vijana wenye asili ya Meksiko walikuwa na utamaduni wao wa magari, na haukutafuta kasi wala robo maili. Walishusha gari chini kabisa na kuliendesha polepole mitaani, Whittier Boulevard ikiwa njia yao kuu. Mwishoni mwa miaka ya 1950 sheria ya magari ya California, kifungu cha 24008, ilikataza sehemu yoyote ya gari kuwa chini ya ukingo wa chini wa rimu. Jibu la mafundi lilikuwa haidroliki. Mwaka 1959 Ron Aguirre alifunga kwenye Corvette yake pampu na mitungi iliyotoka katika vifaa vya ndege, akawa analiinua gari polisi wakitokea na kulishusha wakipita. Huo ni ubunifu wa kihandisi usiopungua kabureta tatu za Stromberg, lakini ilibidi ufike mwaka 1977 ndipo wanafunzi wa chuo kikuu cha San Jose waanzishe Lowrider, kwa sababu kurasa za wakubwa hazikuwa na nafasi yao ya kudumu.

Mleta uzi mwenyewe amesema jarida lilizaliwa likiwa wakili. Wakili yule alichagua wateja. Parks aliwatoa vijana mitaani na kuwapeleka uwanjani, wakati wenzetu wa Whittier mtaa ndio uliokuwa uwanja wao, na waliendelea kufukuzwa. California ilifuta marufuku hayo ya kutembeza na kushusha magari kuanzia Januari 2024. Lowrider la karatasi lilikuwa limekwisha kufungwa miaka minne kabla, katika kundi lile lile la majarida 19.

#6

Naongeza dogo kuhusu chanzo cha kifo, kwa sababu wengi husema ni intaneti wakamaliza. Chevrolet ilipotoa V8 yake ndogo mwaka 1955, yenye valvu juu na uzito mdogo, nusu ya ujanja wa flathedi ulipoteza soko. Miaka ya 1960 viwanda vya Detroit vikaanza kuuza kasi iliyokwisha kutengenezwa, Pontiac GTO ya 1964 ikiongoza, na majarida yakajaa magari mapya ambayo msomaji aliombwa ayanunue, wala si ayaunde. Rod & Custom liliwahi kufa mwaka 1974, likafufuliwa mwishoni mwa miaka ya 1980, likafa tena 2014. Petersen aliuza kampuni yake mwaka 1996, na baada ya hapo majarida yalipita mikono ya wawekezaji mmoja baada ya mwingine. Ugonjwa ulikuwa wa zamani.

#7 – Mleta uzi

Ndugu wa #5, nimekubali, na nisingependa kuipunguza makali hoja yako. Naongeza tu kwamba Lowrider linaitia nguvu hoja niliyoanza nayo. Waanzilishi wake walikuwa na magari ya kutosha na wapiga picha wa kutosha, na bado waliona hawapo mpaka wawe na jarida lao, lenye barua zao na matangazo ya mafundi wao wa haidroliki. Veda Orr aliona hivyo hivyo wakati wa vita.

Kwa wa #6, tarehe zako ni sahihi, ila umeacha mwaka 1970. Detroit ilipokuwa imeyameza majarida, ni watu wa Rod & Custom walioita wenye magari ya kabla ya vita wakutane Peoria, Illinois, katika mkutano wa kwanza wa kitaifa wa magari hayo ya mitaani. Waliitika kutoka majimbo mengi, wakiyaendesha, na mwaka 1972 Street Rodder likaanzishwa kuwahudumia watu wa aina hiyo. Kwa hiyo hata kuyakumbuka magari ya kale, ambako sisi tunakufanya leo kama jambo letu, kuliandaliwa na jarida zaidi ya miaka hamsini iliyopita.

Wapo walioniandikia faraghani wakiuliza waanzie wapi kununua nakala za zamani. Mimi naishi kusini mwa California, na hapa soko la magari ya kale la Pomona bado lina wauzaji wenye masanduku ya majarida pembeni ya milango na rimu. Fungueni kabla ya kulipa. Karatasi ya miaka ya 1950 ina asidi, hugeuka kahawia na kuvunjika kwenye kona, na pini za katikati zikishika kutu hula karatasi mpaka kurasa nne za kati zinachomoka. Kurasa hizo za kati mara nyingi ndizo zenye somo la ufundi, kwa hiyo hesabuni kwanza. Muuzaji atapandisha bei kwa jalada zuri. Nakala isiyo na jalada huuzwa kwa bei ya kutupa, na kwa matumizi yangu ndiyo bora. Epukeni zilizokatwa kuponi za kuagizia, kwa sababu nyuma ya kuponi daima kuna nusu ya mchoro.

Natafuta Rod & Custom za 1953 hadi 1955 zilizo na kurasa zote za matangazo, hata zikiwa zimechanika. Ninazo Hot Rod za ziada za miaka ya mwanzo ya 1960, na nipo tayari kubadilishana mbili kwa moja. Mwenye nazo aandike hapa hapa kwenye uzi, ataje mwezi na mwaka, na aseme kama pini zimeshika kutu.